Mwaka Nilipoihamisha Michenga

Baada ya misa ya arobaini ya Mwalimu Mponda tulikaa watatu kwenye mkeka mmoja nyuma ya nyumba yake pale Ifakara, mimi, Zuhura na Sefu, tukila wali na perege wa kukaanga kutoka sinia moja kama tulivyokula zamani. Sefu, ambaye siku hizi kichwa chake chote ni mvi na bado anaandika programu za kompyuta, alichambua mwiba, akauweka pembeni, akasema, "Mmesikia habari? Sasa kuna mashine zinaandika programu zenyewe. Unaieleza unachotaka, inakuandikia yote." Hakuna aliyemjibu. Nikashangaa kwa nini tumekaa kimya, mpaka nilipoona kwamba sote watatu tumegeuza shingo kidogo kuelekea mlango wa uani, tukimsubiri Mwalimu aseme neno lake. Zuhura ndiye aliyeangua kicheko kwanza, mdomo umejaa wali, na akina mama waliokuwa wakiosha masufuria wakatutazama kwa jicho la kuuliza kama tumekuja kwenye msiba au tumealikwa harusini. "Angesema," Zuhura akajikaza, "angesema, 'Vizuri sana. Na kujua unachotaka, hiyo nani atakuandikia?'" Tulicheka mpaka Sefu akapaliwa.

Tangu siku ile, mwaka 1999 haujanitoka kichwani. Nimeishi Tunduma, Kahama, Mpanda, Masasi, na mahali pengine ambapo sikukaa hata nikalijua jina la balozi wa nyumba kumi. Nimeuza vitenge, nimesimamia nyumba ya wageni, nimekuwa karani wa ghala la korosho. Habari za wazazi wangu naziacha. Zinafanana na za watu wengi wa upande wa Mahenge walioshuka bondeni kufuata mpunga. Ninachotaka kusimulia ni chumba kimoja na mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya plastiki, na hamu ya kuondoka Ifakara iliyokuwa ikiniwasha kama upupu.

Chumba chenyewe kilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga. Mradi mdogo wa kuhesabu kaya na kugawa vyandarua ulikuwa umeichukua nyumba nzima, na sebuleni ukaweka kompyuta nne, meza nne, na feni moja iliyozunguka kwa kulalamika. Viatu tuliviacha mlangoni, kwa sababu Mwalimu Mponda aliamini vumbi la Ifakara lina chuki binafsi na kompyuta. Kila mashine ilifunikwa kitambaa cha kitenge alichoshona Zuhura. Mijusi ilipenda joto la zile mashine, kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tuligonga ubavu wa kompyuta mara tatu, kwa adabu, ili aliyelala ndani apate nafasi ya kutoka. Mgeni mmoja kutoka makao makuu ya mradi alituona tukifanya hivyo akauliza kama ni ibada. "Ni maelekezo ya kiwandani," Mwalimu alimjibu bila kucheka. "Ukurasa huo waliusahau."

Mwalimu Mponda alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kujifunza mwenyewe kuandika programu, kwa vitabu alivyoachiwa na mgeni mmoja aliyemaliza mkataba. Alikuwa mrefu, mwembamba, na miwani yake ilishikwa na uzi wa viatu. Programu tuliyoitumia aliiandika yeye, mstari kwa mstari, kwa miaka sita. Mimi na Zuhura tulikuwa wachapaji. Wadodosaji walizunguka vijijini kwa baiskeli, wakajaza fomu za kila kaya: nani anaishi hapa, nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Fomu zikifika, mimi nilizichapa zote, kisha Zuhura akazichapa zote tena bila kutazama nilichoandika, halafu mashine ikalinganisha. Tukitofautiana, tulirudi kwenye karatasi kumtafuta mkosaji. Tulifanya kazi hiyo tukibishana kama mawifi. Zuhura alizaliwa Kidatu, kwenye bwawa la umeme, katika kambi za wafanyakazi wa miwa, kambi zenye makabila yote na dini zote, na alikuwa na jibu kwa kila jambo. Umeme ukikatika sote tulimgeukia yeye. "Zuhura, waambie kwenu wafungulie maji." Naye alisema, "Nimewatumia barua. Wamesema kwanza mjifunze kusema tafadhali."

Saa nne tulikunywa chai. Mama wa nyumba ya pili alituletea vitumbua vya mchele vikiwa bado vinatoa mvuke, na hapo ndipo Mwalimu alipofungua gazeti. Magazeti ya kompyuta yalitujia kutoka Ulaya kwa posta, kifurushi kizima kwa mara moja, ya miezi sita hadi minane iliyopita. Mtu mwingine angechukua la juu kabisa asome habari mpya. Mwalimu alikataa. Aliyapanga kwa tarehe, akayafungia kabatini, na kutufungulia moja tu kila wiki, kwa zamu yake. "Habari hailiwi kwa kuanzia mkiani," alisema. Matokeo yake chumba chetu kilikuwa na kalenda yake. Nje ulikuwa mwezi wa pili. Kwenye chai ya saa nne bado tulikuwa mwezi wa sita wa mwaka uliopita, tukisikia kwa mara ya kwanza mambo ambayo dunia ilikwisha kuyasahau.

Alisoma kwa sauti, akitafsiri papo kwa papo, na kila kampuni ilipotoa ahadi aliiandika kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Ahadi ya kwanza niliyoikuta pale ilisema kwamba baada ya muda mfupi ofisi hazitatumia karatasi tena. Chini yake yalikuwa marundo ya fomu yanayofika kiunoni. Nyingine ilisema watu wataacha kuchapa, wataongea tu na mashine nayo itaandika. Mwalimu aliiinamia kompyuta yake akakohoa kile kikohozi kirefu cha mvuta tumbaku, akasubiri. "Haya, andika hiyo," akaiambia. Kuhusu lugha mpya ya kompyuta ambayo ukiiandika mara moja inafanya kazi popote duniani, aliweka gazeti chini, akatazama dirishani. "Huyu aliyeandika 'popote,' mwulizeni kama amewahi kuvuka Kilombero wakati wa masika."

Mwaka ule dunia nzima ilikuwa ikiogopa mwaka elfu mbili. Magazeti yalisema kompyuta zilizozoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili zitadhani zimerudi mwaka 1900, ndege zitaanguka, benki zitafunga. Zuhura alitaka kujua kama na sisi tutaanguka. "Ikidhani ni mwaka 1900," Mwalimu alisema, "mwaka 1900 hapa bondeni kulikuwa na mpunga na kambale. Tutaishi." Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja kosa la jirani, akatuambia kwamba programu yake ilikuwa na tarakimu nne tangu siku ya kwanza. Si kwamba aliona mbali. Bibi Regina wa kijiji cha Michenga alidai amezaliwa mwaka 1898, na kwa tarakimu mbili mashine ingemfanya bibi wa watu awe mtoto ambaye wakati ule alikuwa bado hajazaliwa. "Amerika wanahangaika," alisema akimega kitumbua, "kwa sababu hawana Regina."

Siku hizi nikisoma habari za mashine kwenye simu, nikiwa nimekaa kwenye benchi la stendi fulani nikisubiri kwenda mahali pengine, huwa nazikumbuka zile ahadi za ukutani. Karibu zote zimetimia. Simu yangu inasikia ninachosema, ingawa inakisikia kwa namna yake. Lakini hakuna ahadi hata moja iliyotimia mwaka ilioahidiwa, na hakuna iliyotimia kwa yule aliyekuwa akiishangilia. Nadhani Mwalimu alilijua hilo. Ndiyo maana alizipenda habari zile kama mtu anavyopenda hadithi za sungura: anajua kuna uongo ndani, na hataki mtu aruke hata sentensi moja.

Sefu alifika mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimechanganya. Alikuwa ametoka chuo kikuu Dar es Salaam, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye shati la kuchomekea, na alikuja na kompyuta mpya na sanduku la diski. Makao makuu walikuwa wametuletea programu mpya, yenye rangi, vidirisha na kipanya cha kuburuta mezani, na Sefu ndiye aliyeshiriki kuiandika. "Shikamoo, Mwalimu," alisema mlangoni, akiwa bado na viatu. "Marahaba. Vua viatu, mwanangu, kisha uilete hiyo dunia mpya ndani." Nilidhani watagombana. Kumbe siku ya tatu walikuwa wakibishana kuhusu magazeti kama watu waliosoma darasa moja. Sefu alikuwa amekwisha kuyasoma yote Dar, na mateso yake makubwa yalikuwa kukaa kimya. "Mwalimu, hiyo kampuni ilishakufa!" alipasuka siku moja. Mwalimu aliziba masikio. "Kwetu bado ni nzima. Tuachie tuifurahie mpaka mwezi wa tisa."

Mkuu wa mradi tulimwita Dokta, mama mfupi mwenye sauti ya upole iliyowaogopesha watu kuliko kelele. Alisema programu zote mbili zitajaribiwa kwa fomu za kijiji kimoja, Michenga. Zuhura atachapa kwenye ya Mwalimu, mimi kwenye ya Sefu. Itakayofanya kazi vizuri ndiyo itakayotoa orodha ya kugawia vyandarua mwezi wa tano. Kisha akaongeza jambo moja: mchapaji mmoja atapelekwa Dar miezi mitatu kusomea kompyuta, na Sefu angependa awe yule atakayeizoea programu mpya. Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu bila kuona barabara. Nilikwisha kujiona nikishuka kwenye basi Dar na begi begani.

Programu mpya ilikuwa nzuri. Sitaki kusema uongo kwa sababu ya uchungu. Ilikwenda kwa kasi, ilijaza yenyewe majina ya vitongoji, na ilikuwa na kitufe cha kijani ambacho nilipenda tu kukibonyeza. Lakini ilikuwa na imani moja isiyotikisika, kwamba mtu ana nyumba moja. Na huo ulikuwa mwezi wa nne. Mtu yeyote wa bonde letu anajua maana yake: mpunga umebeba, ndege wameamka, na nusu ya Michenga imehamia mabondeni kwenye vibanda vya shamba, baba huku, mama kule, watoto wanakwenda na kurudi. Wadodosaji waliwakuta watu walewale kwenye nyumba ya kijijini na kwenye kibanda cha shamba, wakawaandika kote kuwili, kama walivyofundishwa. Programu ya Mwalimu ililielewa jambo hilo. Iliuliza maswali mpaka unakereka: yuko shambani? Shamba la nani? Anarudi lini? Zuhura alikwenda polepole, akiitukana kila baada ya fomu tatu. Yangu haikuuliza. Ilitoa kidirisha chekundu: mtu huyu yupo tayari, haruhusiwi kuwa mahali pawili. Siku ya kwanza nilitoa fomu hizo pembeni. Siku ya pili rundo la pembeni lilikuwa kubwa kuliko rundo lililoingia. Siku ya tatu niligundua kwamba ukimwandika mtu "amehama" kwenye nyumba yake ya kijijini, mlango wa kibanda cha shamba unafunguka na kidirisha chekundu hakitokei.

Nilijua. Hapo sitaki kujipamba. Nilijua kwamba watu wale hawakuhama, lakini nilijiambia kwamba ni kitufe tu, nitawarudisha baadaye. Na vibanda vya shamba, kwa sababu havikuwa kwenye ramani, programu iliviweka vyote kwenye fungu moja: eneo lisilojulikana. Nilihamisha familia baada ya familia, mkono wangu ukiwa mwepesi, huku Zuhura pembeni yangu akinung'unika, "Wewe Kadia, unachapa au unapepeta?"

Nilimaliza siku tano kabla yake. Dokta alikuja kuangalia, Sefu akabonyeza kitufe cha kijani, na skrini ikachora mduara wa rangi kama keki. "Safi," alisema Dokta. "Haina kosa hata moja." Sefu alinipiga begani. "Bomba, dada!" Mwalimu aliutazama ule mduara kwa muda, hasa kipande kikubwa cha kijivu, akauliza, "Hicho kijivu ni kina nani?" Sefu akasema ni waliohama. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. Dokta akatangaza kwamba orodha ya vyandarua itatoka kwenye programu mpya, na itachapishwa Ijumaa.

Alhamisi asubuhi Zuhura alikuwa akipanga karatasi za majaribio zilizotoka kwenye printa. Akazipima mkononi kama anayepima nyama. "Michenga nzima karatasi hizi? Mbona nyepesi hivi?" Nilizichukua. Nilikuwa natafuta jina moja tu, nikaenda moja kwa moja kwenye herufi R. Hakukuwa na Bibi Regina. Orodha ilikuwa ya wakazi tu, na yeye, pamoja na nusu ya kijiji, alikuwa amehama. Wiki mbili baadaye gari lingefika Michenga na vyandarua, watu wangetoka mashambani wakiwa wameliwa na mbu mpaka usoni, na kijana wa mradi angepitisha kidole kwenye orodha yangu na kuwaambia kwamba wao si watu wa pale. Nilikuwa na siku moja. Nikinyamaza, naenda Dar.

Chai ililetwa. Mwalimu alikwisha kufungua gazeti, na Dokta siku hiyo alikuwa ameketi nasi kwa bahati mbaya au nzuri. "Kabla hujasoma, Mwalimu," nikasema. "Watu wa Michenga hawakuhama. Nimewahamisha mimi."

Feni ikalalamika. "Wangapi?" Sefu akauliza.

"Wote waliokuwa shambani. Ilikuwa inakataa. Nikaona nikiwahamisha, inakubali."

Mwalimu aliweka kikombe chini taratibu. "Hata Regina?"

"Hata Bibi Regina, Mwalimu."

Uso wake ulianza kutetemeka kuanzia kidevuni. Nilidhani ni hasira. Kisha akacheka, akacheka mpaka uzi wa viatu ukakatika na miwani ikaanguka kwenye vitumbua. "Mkoloni alitaka kumhamisha Regina, akakataa. Vijiji vya ujamaa vilimhamisha, akarudi kwa miguu. Na wewe, binti, umemhamisha kwa kidole kimoja!" Zuhura alijaribu kunikasirikia akashindwa. "Na mimi nimekaa hapa," alisema, machozi yakimtoka, "namwuliza kila mtu anarudi lini, anarudi lini, kumbe mwenzangu anafukuza kijiji!" Sefu peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa. "Si kosa lake," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba mtu ana nyumba moja. Haikunijia hata akilini kuuliza." Mwalimu alimsogezea kitumbua. "Ulipanga chumba Dar. Ungejuaje?"

Dokta alingoja tumalize. "Orodha itatoka kwenye programu ya Mwalimu," alisema kwa ile sauti yake laini. "Zuhura, umalize. Kadia, umefanya vizuri kusema. Lakini Dar siwezi kumpeleka mtu anayefunika chungu huku kinaungua. Ataenda Zuhura." Nilisema, "Sawa, Mama," nikatoka nje, nikasimama penye viatu, nikalia kidogo. Zuhura alinifuata akasimama nami. Hakusema pole, kwa sababu alikuwa na furaha na hakutaka kuificha, na mimi nilimpenda zaidi kwa hilo.

Wiki iliyofuata Mwalimu alimtuma Sefu akaione hiyo nyumba ya pili kwa macho, na mimi niende kumwonyesha njia. Tulikwenda kwa baiskeli hadi barabara ilipoishia, kisha kwa mtumbwi, kisha kwa miguu ndani ya tope. Shati la kuchomekea lilikuwa la kijivu kabla ya saa nne. Bibi Regina tulimkuta juu ya dungu, jukwaa la walinda ndege, katikati ya mpunga, akivuta kamba zilizofungwa makopo kuwatisha ndege.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ninyi ndio mlionihamisha?" Habari zilikuwa zimetutangulia. "Mmenipeleka wapi? Angalau pawe pazuri."

"Eneo lisilojulikana, Bibi," nikasema.

"Hapo nimeshafika mara nyingi." Alishuka ngazi mwenyewe, akatuletea pepeta kwenye ungo, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, na kambale mkavu. Kibanda chake kilikuwa cha nyasi tupu, lakini mlango ulikuwa wa mninga, mzito, na juu yake imepigwa namba ya mradi kwa rangi nyeupe. Sefu aliisoma mara mbili. Ilikuwa namba ya nyumba ya kijijini. Bibi Regina alikuwa ameung'oa mlango wake akaja nao shambani kwa mtumbwi, kwa sababu, alisema, mlango wa mninga hauachiwi majirani.

"Bibi," Sefu akauliza, daftari magotini, "sasa kwako hasa ni wapi? Hapa au kule?"

"Kwangu."

"Ndiyo, lakini wapi?"

Alimtazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, una miguu mingapi?"

"Miwili."

"Ni upi wako?"

Sefu alifunga daftari. Njia nzima ya kurudi alikuwa akicheka peke yake, na kila aliponaswa kwenye tope alisema, "Huu si wangu."

Programu mpya haikutupwa. Mwalimu mwenyewe alikataa itupwe. Alisema ina kitufe kizuri cha kijani. Ilibidi tu ifundishwe nyumba ya pili, na aliposema hivyo alinigeukia mimi. "Aliyewahamisha ndiye atakayewarudisha." Nikamwambia sijui kuandika programu. "Hata wanaoandikwa humu," akaonyesha rundo la magazeti, "hawakuzaliwa wakijua. Sefu atakaa kushoto, mimi kulia. Ukikosea, tutacheka kwanza, kisha tutakueleza." Walitimiza ahadi hiyo, sehemu ya kwanza hasa. Kwa wiki tatu, baada ya kuchapa fomu zangu, nilikaa katikati yao. Siku moja niliandika kitu kilichompa kila mkazi wa Michenga nyumba isiyo na mwisho, mashine ikaendelea kujenga nyumba hadi ikazimika. Mwalimu alisimama akaipigia saluti.

Vyandarua vilikwisha kugawiwa kwa orodha ndefu ya Zuhura, na asubuhi ya Jumamosi moja Zuhura alikuwa anaondoka. Tulikubaliana nimkute stendi, nimsaidie sanduku. Nilipitia ofisini mapema, dakika kumi tu, kujaribu wazo lililonijia nikisuka nywele. Niligonga ubavu wa mashine mara tatu, nikawasha, nikaandika. Nikaita fomu ya Bibi Regina. Nikamweka kijijini, kisha nikamweka shambani. Kompyuta ilifikiri kidogo, kisha ikampokea kote kuwili, bila kidirisha chekundu. Nilipiga kelele peke yangu katika chumba kitupu. Sikumsikia Mwalimu akivua viatu.

"Imekubali?" akauliza.

"Imekubali, Mwalimu! Tazama!"

Alitazama, akinyanyua miwani yake yenye uzi mpya. "Mistari mingapi?"

"Kumi na mitano."

"Yote inahitajika?"

"Yote."

"Futa mmoja."

Niliogopa, lakini nikafuta. Ikafanya kazi vilevile. Nilimtazama, hakuwa akicheka, ila kidevu kilikuwa kimeanza kutetemeka. Nikafuta wa pili. Ikafanya kazi. Nikavuta kiti karibu. Nje, upande wa stendi, honi ya basi ikalia, ndefu, kisha mara mbili fupi, kama inavyolia basi likianza safari.

"Hilo ni basi la Zuhura," Mwalimu akasema.

"Najua," nikasema, na nikafuta mstari mwingine.